Jina Ambalo Mama Hakulitamka

Maganda ya machungwa yaliyokaushwa na jua juu ya dashibodi yana harufu yake, kali kidogo, tamu kidogo, imechanganyika na petroli. Nikiipata, hata nikiwa kwenye gari la mtu nisiyemjua, narudi kuwa na miaka tisa. Nimekaa siti ya nyuma ya Noah ya kuazima, nimenuna mpaka mdomo umetangulia mbele ya uso.

Nikiri mapema, msomaji wangu, usije ukapoteza huruma yako bure: nilikuwa namwonea wivu mdogo wangu. Alikuwa na miaka mitano, na siti ya mbele, kando ya Baba, ilikuwa yake.

Jina lake Zainabu, jina la bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa hai na mwenye nguvu zake kule kwenye vilima vya Umatumbini. Kwetu mke halitamki jina la mkwewe, na akizaa mtoto mwenye jina hilo, kwa huyo mtoto nako halitamki. Basi Mama alimwita mdogo wangu "Mama". Na ukishamwita mtoto mama, mkono unakuwa mzito kumchapa. Zainabu alipakuliwa wa kwanza. Zainabu akivunja kikombe, Mama aliuliza kwa upole, "Mama, hujaumia?" Mimi nikivunja, majirani wote walijua.

Mimi niliitwa Mwajuma kwa kuwa nilizaliwa Ijumaa, basi. Hakuna aliyehangaika zaidi ya hapo. Siku nzima nyumba yetu ya Kibiti ilikuwa ni Mwajuma, chota maji, Mwajuma, hiyo miguu gani, Mwajuma, njoo. Wakati mwingine nilifika mbio, nahema, na Mama alikuwa ameshasahau alichoniitia. Alinitazama tu, akasema, "Basi, nenda." Nilikasirika sana. Na Zainabu akiwa mbali kwa majirani, Mama hakuweza kumpazia sauti, maana huwezi kusimama uani ukapiga ukelele "Mama!" mtaa mzima ukageuka. Alinituma mimi: "Mwajuma, mwite mwenzio." Nikawa kipaza sauti cha nyumba, kazi isiyo na ahsante.

Likizo ya mwezi wa sita, Baba, aliyekuwa akinunua ufuta vijijini, aliazima gari la rafiki yake atupeleke kwanza kwa bibi, kisha tushuke mpaka Nyamisati, kwenye delta, kwa Mama Mkubwa, dada yake Mama. Kule vilimani asubuhi ilikuwa na ukungu, barabara nyekundu ikipinda kila hatua, na Baba akipiga honi kila kona. Bibi alikuwa amemsukia Zainabu, somo wake, kimkeka cha ukindu, cha zambarau na nyekundu, kinachomtosha mtoto mmoja tu. Mimi nilipewa machungwa kikapu kizima. Nilichangamka mpaka aliposema, "Mle nyote njiani." Kumbe nilipewa niyabebe.

Tukateremka. Hewa ilianza kuwa nzito, ukungu ukaisha, minazi ikaonekana, na Somanga tukanunua samaki wa kukaanga. Kipande cha kwanza kilienda mbele. Pale Ndundu, Baba alipunguza mwendo darajani akaanza kutusimulia jinsi walivyokuwa wakilala wakisubiri pantoni, mara Zainabu akapiga kelele, "Kiboko!" Nilijirusha dirishani. Upande wangu palikuwa na maji tu. Toka Ikwiriri mpaka Kibiti alisimulia masikio ya yule kiboko, akiwa amekalia kimkeka chake, na kila sikio lilinichoma roho. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mtoto yule kwenye barabara ile.

Tulifika Nyamisati mchana, maji yamekupwa. Baba alikwenda kuswali, Mama na dada yake wakaingia jikoni. Nikamchukua Zainabu kwenda kumwonyesha kaa kwenye mikoko nyuma ya nyumba. Matope yalinuka kama yai lililosahaulika, na kaa wadogo wenye gando moja jekundu walitukimbia mashimoni. Nikamkalisha kwenye mzizi mkubwa. Nikamwambia ni mchezo: asitoke, na asimjibu mtu yeyote, mpaka nije nimwite mimi. Kimkeka nikakichukua, nikasema nakitunza kisichafuke.

Nilikwenda kukitandika kivulini, ukutani kwa Mama Mkubwa, nikakikalia. Nilitaka kujua tu mtu aliyekalia kitu chake anajisikiaje. Ukindu ulikuwa laini, unanukia upya. Nadhani nilisinzia.

Nilipozinduka Mama alikuwa amesimama mbele yangu, anatazama kile kimkeka.

"Mwenzio yuko wapi?"

Nikanyoosha kidole. Tukakimbia. Maji ya mikokoni hayaji kwa wimbi, yanapanda kimya kimya yakitoa mapovu kwenye mashimo ya kaa, na yalikuwa yameshafunika njia tuliyopita. Miti yote ilikuwa sawasawa. Sikujua tena mzizi ni upi.

"Mwite, Mwajuma," Mama alisema. "Mwite mwenzio."

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa naogopa, lakini chini ya ile hofu kijicho kilikuwa bado hakijalala. Hata hapa, nikawaza, mimi ni wa kumwitia tu. Nikasema, "Mwite wewe."

Hakunipiga. Aligeukia mikoko, akavuta pumzi, akaita, "Zainabu!"

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisikia kinywani mwake. Lilitoka limevunjika, kama la mtu anayeomba radhi hapo hapo anapokosa. Akaita tena, na tena. Kimya. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa pumzi moja nilifurahi kwamba hakuitikiwa.

Ndipo nikakumbuka nilichomwambia Zainabu, kwamba asimjibu mtu.

Nikaita kwa sauti yote niliyokuwa nayo, na papo hapo, karibu kuliko tulivyodhani, akaitika, "Abee, dada!" kwa furaha ya mtoto aliyeushinda mchezo. Mama aliingia majini na nguo zake. Alimkuta ameukumbatia mti, maji yamemfika kifuani.

"Sikujibu mtu," Zainabu aliniambia kwa fahari alipofikishwa juu.

Nilisubiri kuchapwa jioni ile, na kesho yake, na wiki nzima. Mama hakunigusa. Wakati wa kurudi alikaa nyuma, katikati yetu, kila mmoja kamshika mkono.

Miaka mingi ilipita. Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza nilikwenda kwake Kibiti, nikamkuta anachambua mchele, nikamwomba msamaha wa siku ile. Alicheka kidogo, kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Lile jina lilikuwa lako. Wewe ndiye wa kwanza, wazee walishakubaliana. Nilimlilia baba yako siku tatu. Nikamwambia huyu mmoja niachieni, nipate mtoto wa kumwita. Ijumaa ilikuwa sababu ya kuwapa wazee tu."

Akatupa kijiwe, akaendelea kuchambua.

"Wewe ulidhani nakuitia kazi siku zote," alisema. "Mara nyingine hata sikuwa na kazi."

Niliinamia ule mchele ili asinione. Nikamkumbuka yule mtoto anayefika mbio uani, anahema, amekasirika, na mama yake anamtazama tu, kisha anamwambia basi, nenda.