Spoku Chini ya Shati

Naandika polepole kwa sababu bado naona haya. Mimi huvusha spoku za baiskeli pale mpakani Malaba, nimezifunga tumboni chini ya shati. Wiki jana nilimpeleka Barasa, mtoto wa dada yangu, hospitali Nairobi, nami nikabeba spoku za kuuza huko. Barasa anachechemea. Daktari alitaka kumdunga dawa mshipani, kisha mashine yenye sumaku kubwa ionyeshe kama damu inafika kwenye mfupa wa nyonga unaokua.

Barasa alikataa kuingia bila mimi. Nesi akaniuliza, "Kijana, una chuma chochote mwilini?"

Sisi wa mpakani tukiulizwa tumebeba nini, mdomo hujibu kabla ya kichwa.

"Sina kitu, sista."

"Hata kidogo?"

"Hata sindano."

Nilipokanyaga mlangoni tu, shati likaanza kuinuka lenyewe. Nesi akanidaka mkanda, akanirudisha nje, akalifunua. Spoku zikamwagika sakafuni kwa kelele.

Barasa, aliyekuwa bado nje kwenye kitanda cha magurudumu, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mjomba, wewe baki hapo," akasema. "Nitaingia peke yangu!"