Manyoya ya Sungura na Kikombe cha Maji

Nilipokuwa mtoto, kijijini kwetu katikati ya Njombe na Makambako, mtu akiungua moto hakuna aliyethubutu kumsogezea maji. Kila nyumba ilikuwa na dawa yake: huku dawa ya meno, kule ute wa yai, kwingine kiazi kilichokwanguliwa, na kwa wale wa ng'ambo ya barabara unga wa ngano, Mungu awasamehe. Lakini kuhusu maji walikubaliana wote. Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea mimi na mdogo wangu Beni, alikuwa na maelezo kamili. Moto na maji ni maadui, alisema. Ukivikutanisha kwenye ngozi ya mtu vitapigana hapohapo, na lengelenge ndiyo alama ya ugomvi wenyewe. Moto ukishindwa unakimbilia ndani, unakaa kwenye mfupa, na mkono unakauka.

Mkono unakauka! Nilikuwa na miaka tisa, na siku niliyoyasikia maneno hayo niliviacha viazi vyangu sahanini.

Dawa ya Bibi ilikuwa asali na manyoya ya sungura. Anapaka asali, anabandika manyoya juu yake, basi, hakuna kugusa mpaka yadondoke yenyewe. Sungura wengine tulifuga kwa kitoweo, ila jike mmoja mweupe hakuchinjwa. Huyo ndiye aliyekuwa zahanati yetu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, bado imelala juu ya majani. Bibi aliteremka kwenye kinyungu, ile bustani yetu ya bondeni, akaniachia birika motoni, Beni wa miaka minne, na agizo moja.

"Leokadia, usimwache mtoto na moto. Umenisikia?"

Nilimsikia. Kisha nikaenda bandani kumwangalia sungura, dakika chache tu, hata tano hazikufika. Nikasikia birika likianguka, halafu kimya, halafu ukelele.

Maji ya moto yalikuwa yamemwagikia mkono wake wa kulia, kuanzia vidoleni mpaka kifundoni. Kabla sijamfikia alishakimbilia mlangoni na kuutumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji ya bomba iliyolala nje usiku kucha. Nilimvuta. Akalia zaidi. Nilipomwachia akaurudisha mwenyewe, na kilio kikapungua. Nikamvuta tena, akaning'ata.

"Beni, toa mkono! Utakauka!"

"Sitoi! Huku hauumi!"

Weee, yule mtoto! Nilimwacha, na sababu yenyewe si ya kujivunia: nilitaka anyamaze kabla Bibi hajasikia kule bondeni. Nikachukua rozari kwenye msumari, nikapiga magoti kando ya ndoo, nikasali matendo ya uchungu yote matano ili Mungu auzuie moto usiingie mfupani. Rozari nzima, mkono ukiwa majini. Kila nikimaliza Salamu Maria moja naukodolea macho, nikingoja kuuona umeanza kusinyaa. Mwishowe nikaukausha kwa kitenge, nikamwaga maji nyuma ya choo, nikaifudikiza ndoo.

"Ukimwambia Bibi habari ya ndoo, atamchinja sungura mweupe," nilimwambia. Beni alimpenda mno yule sungura. Hakusema.

Bibi aliporudi alinichapa kwa kumwacha mtoto, kisha akapaka asali, akabandika manyoya. Wiki mbili zile sitazisahau. Kila nikiamka naushika mkono wa Beni aliyelala, navipapasa vidole kimoja kimoja kama bado vinajikunja. Nilijua nilichokifanya. Mkono ukikauka, ni mimi.

Haukukauka. Manyoya yalidondoka, ngozi chini yake ikawa laini, imepauka kidogo tu. Jumapili, baada ya misa, Bibi aliuinua ule mkono mbele ya wanawake wenzake.

"Mmeona? Hata lengelenge moja!"

Tangu hapo wakamwita Bibi Sungura, na jina likamkaa vizuri sana, jamani, mpaka mwendo wake ukabadilika. Mimi nilisimama nyuma yake nimeinama. Kichwani lilikuwa linazunguka swali moja tu: kama maji ni sumu, mbona hayakumfanya kitu? Na kama hayakumfanya kitu, kilichomponya ni nini? Sikuwa na wa kumwuliza bila kujichongea.

Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, ikawa zamu ya Yusta, mtoto wa jirani, wa miaka sita. Alimwagikiwa uji mkononi. Mama yake alikuja mbio amembeba, na kuja kwetu lazima upite bombani. Wanawake waliokuwa wakijaza ndoo walimpisha njia. Kumpisha tu. Bomba linamwagika, mtoto anaungua, na hakuna aliyesema simama.

"Mlaze hapa, mama, tulia," Bibi alisema, tayari na chupa ya asali mkononi. "Leokadia, mlete sungura."

Nilimleta. Nilimshika sungura miguu, Bibi akamnyonyoa manyoya ya tumboni. Mkono wa Yusta ulikuwa mwekundu vilevile kama wa Beni, si zaidi. Ndoo ilikuwa mlangoni, palepale, imejaa. Hatua nne. Nilijua la kufanya kuliko watu wazima wote wa nyumba ile, na nilijua pia kwamba nikisema, Bibi ataumbuka mbele ya Mama Yusta na mimi nitachapwa mara mbili, kwa maji na kwa uongo.

"Bibi," nilisema. "Maji..."

Aligeuka. Macho yale!

"Maji ya nini?"

"Ya... ya kunywa. Mtoto anywe."

"Haya, mpe."

Nikachota kikombe. Yusta akanywa yote huku ana kwikwi, na Bibi akabandika manyoya.

Siku ya tano mkono ulianza kunuka. Hawakufungua, maana amri ilikuwa mpaka yadondoke yenyewe. Walipompeleka hospitali usaha ulikuwa unachuruzika chini ya manyoya, na manesi wakakaa siku nzima wakiyalainisha na kuyatoa kidogo kidogo, yeye akipiga kelele. Alipona. Lakini kidole cha mwisho na jirani yake vilijikunja kuelekea kiganjani na havikunyooka tena. Bibi alisema jike lile lilikuwa na mimba, na manyoya ya sungura mwenye mimba yana joto. Watu wakakubali. Na mimi nikakubali, kwa mdomo.

Nilikuja kumwambia Bibi ukweli alipokuwa ameshazeeka, akiota jua ukutani.

"Ungesema siku ile mbele ya Mama Yusta, ningekuchapa," alisema.

"Najua, Bibi."

"Halafu usiku nisingelala."

Kesho yake alinituma nijaze ndoo, akaonyesha kwa fimbo iwekwe wapi: karibu na mafiga.

Leo mimi ni fundi cherehani Makambako. Nesi mmoja wa kliniki alishanieleza, nikiwa na mwanangu mgongoni, kwamba ukiungua kidogo unaweka chini ya maji safi ya baridi kama dakika ishirini, kisha unafunika kwa kitambaa safi, na ikizidi uende hospitali. Asali haikuwa kosa kubwa, alisema, ila manyoya yanakuja na uchafu wote wa bandani na yanagandia kidonda. Dakika ishirini! Nilipiga hesabu palepale kwenye benchi. Ni rozari nzima, ukiisali bila haraka.

Mwezi uliopita Yusta aliingia chumba changu cha kushonea, ana binti wa miaka mitatu.

"Kamwene, Dada Leokadia."

"Kamwene, mdogo wangu. Karibu."

Alitaka gauni la ubatizo. Nilikuwa nampima mtoto, na pasi ya mkaa imewaka mezani. Mtoto akanyoosha mkono, mama yake akamdaka.

"We! Utaungua!" Akacheka. "Usiogope, dada, manyoya ninayo nyumbani, nimeyahifadhi kwenye kopo. Mkono wangu huu, bila bibi yako, Mungu amrehemu, si ungekatwa?"

Akauinua, na vile vidole viwili vimejikunja. Niliiweka chini futi ya kupimia. Miaka yote nilikuwa najitetea kwamba nilikuwa mtoto, kwamba imani ilikuwa ya kijiji kizima. Lakini wenzangu hawakujua. Aliyejua nilikuwa mimi, na sasa alikuwepo mkono mwingine mdogo mbele yangu, na kopo la manyoya likiungoja.

"Yusta, kaa," nilisema.

Nilimwambia yote: birika, ndoo, rozari, uongo. Sikujipunguzia hata kidogo. Alisikiliza akiviangalia vidole vyake.

"Beni alikaa majini rozari nzima?"

"Nzima."

"Na mimi ukaniletea kikombe."

"Ndiyo."

"Kilikuwa cha bluu." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kila siku nawasimulia watu kwamba katika nyumba ile wewe peke yako ndiye uliyenionea huruma."

Akambeba mtoto, akatoka bila kuaga. Sikumfuata.

Wiki iliyofuata alikuja kuchukua gauni. Hakunisalimia kwa jina. Alisimama mlangoni, akachungulia chini ya meza ya pasi, akaiona ndoo, imejaa maji. Ndipo akamweka mtoto chini.

"Lile kopo nimelitupa," alisema. "Haya, mjaribishe gauni."

Nikapiga magoti nimvalishe mtoto, na vifungo vilinishinda kwa machozi, mpaka Yusta akainama, akavifunga yeye mwenyewe kwa mkono wake wa vidole vitatu.