Nilimsomea Bibi Spesi Mfungwa Asiyekuwa Baba Yake

Jamani, nianzie penye uchungu: nilimfanya mama mzee amkane baba yake kwa kosa ambalo baba huyo hakulitenda. Mwenye hatia ni mimi. Simtupii mtu mwingine lawama, wala makaratasi niliyoyasoma.

Mimi ni kijana wa Gitega, Burundi. Nimemaliza chuo, nimesoma historia, kazi sina. Nililelewa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania mpaka tuliporudi. Nina ugonjwa wa kuwaza. Hata ujumbe wa salamu naurudia mara nne kabla ya kuutuma. Ajabu ni kwamba siku niliyotakiwa kuwaza, sikuwaza!

Bibi Spesi alikuwa jirani yetu kule kambini. Baada ya kurudi alikaa Muyinga na mwanawe Eliasi, mbeba mizigo wa mpakani Kobero. Baba yake Bibi, Minani wa kilima kimoja cha Bugendana, alichukuliwa na Wabelgiji amefungwa kamba, Bibi mwenyewe akiwa bado mgongoni mwa mama yake. Akapelekwa gerezani Kongo, asirudi. Hakuna aliyejua alikosa nini.

"Mwanangu, wewe umesoma," aliniambia. "Nitafutie alipoishia. Nikifa nataka kuzikwa kwenye kilima chake. Ndugu wa kule wameshanikubalia."

Nikaingia kwenye chumba cha nyaraka za zamani hapa Gitega. Mtunzaji wake, mzee mmoja mcheshi, alinitania kila asubuhi: "We muhistoria, uko unatafuta Minani tu? Utazeeka humu! Bora utafute kazi, ama mke."

Siku ya tatu nikampata. Faili ya mfungwa, kwa Kifaransa, wino umefifia: Minani, wa kilima kilekile, amemuua ndugu yake kwa jembe wakigombea shamba. Amehamishiwa Kongo. Amefia gerezani kwa kuhara damu.

Mnaona? Jina lile, kilima kile, Kongo ileile! Nilikaa siku mbili nikikagua mwandiko, herufi kwa herufi, nikihofia nimesoma vibaya. Sikujiuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Bugendana angeuliza kwanza: Minani yupi?

Kwetu Burundi mtoto harithi jina la baba. Minani anaitwa mtoto wa nane, na zamani nyumba zenye watoto wanane zilijaa kila kilima. Nalijua hilo tangu utoto! Lakini shuleni kambini tuliandikwa kwa majina ya baba zetu kama Watanzania, na kichwa changu kikazoea kwamba ukilipata jina umempata mtu.

Nikaenda Muyinga. Bibi alikuwa amewaalika akina mama wa kanisani, wamekaa mkekani wakisubiri. Eliasi akanipokea mlangoni: "Msomi, soma haraka. Mama hajala tangu jana."

Nikasoma mbele ya wote, natafsiri neno kwa neno. Tena kwa majivuno, Mungu anisamehe!

"Alimuua nani?" Bibi aliuliza.

"Ndugu yake, Bibi."

"Ndugu wa tumbo moja?"

"Ndivyo palivyoandikwa."

Hakulia. Aliinuka akaenda jikoni, na hakutoka mpaka wageni walipoondoka.

Jumapili iliyofuata alimwomba padri asimtaje tena Minani kwenye misa ya marehemu. Eliasi akawapigia simu ndugu wa kilimani. Wakasema hadithi hiyo hawajawahi kuisikia. Bibi akajibu, "Nani angewasimulia aibu kama hiyo? Mnizike hapahapa Muyinga. Siwezi kulala kwenye udongo ulionyweshwa damu ya ndugu."

Miezi miwili baadaye nilirudi kwenye kile chumba kwa shughuli nyingine. Yule mtunzaji akaniita: "Muhistoria! We ulishika dosie moja tu, ukakimbia. Huku chini iko Minani wengine watatu!"

Nikafungua faili ya kwanza, nikafungua ya pili. Ya tatu ikanikata maini.

Minani, wa kilima kilekile, amefungwa kwa kutoroka shokoa, kazi ya kulazimishwa ya barabara. Amepelekwa Kongo. Ndani mlikuwa na barua yake, iliyoandikwa na karani kwa niaba yake, akiomba arudishwe nyumbani kwa sababu ana mke na binti mchanga, aliyebatizwa Spesiosa, ndiye Spesi wetu. Pembeni, kwa penseli nyekundu, mkubwa mmoja ameandika: hapana.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Niliifunga faili, nikaenda nyumbani, nikakaa kimya majuma matatu!

Nilitunga ujumbe nikaufuta. Nimwambie Eliasi kwanza? Niende mwenyewe? Nianze na barua au na msamaha? Nilijiambia nahitaji uhakika zaidi. Uongo! Jina la Bibi lilikuwa pale. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya akina mama walewale.

Kisha Eliasi akapiga simu. "Mama ametuacha asubuhi hii."

Tulimzika Muyinga, kama alivyoagiza. Watu walipotawanyika nikampa Eliasi nakala ya ile barua, nikamweleza yote. Aliniomba nimwonyeshe palipoandikwa jina la mama yake. Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale.

"Ulijua lini?"

"Majuma matatu yaliyopita."

Akanitazama, mikono bado ina udongo wa kaburi. "Sasa unataka mi nifanye nini, msomi? Nimfukue nimsomee?"

 

Ninyi mnaowasaka wazee wenu kwenye makaratasi ya wakoloni, msishike jina la kwanza mkakimbia nalo. Ulizeni watu wa kilima. Fungueni faili zote kabla hamjafungua mdomo.

Na wewe unayejua umekosea, unayengoja maneno yakae sawa, nenda leo! Nenda na maneno mabovu, nenda ukitetemeka. Bibi Spesi aliishi miaka yake yote bila kujua kwamba baba yake, akiwa gerezani, alimtaja kwa jina. Mimi nilijua. Na kutoka kwangu hadi kwake ilikuwa safari ya saa chache tu.