Mtu wa Boila Amepumzika

Mume wangu wanamwita Geji, kwa sababu hapiti mbele ya kioo cha kipimo chenye mshale bila kukigonga kwa ukucha. Alikuwa mwangalizi wa boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Kiwanda kilipofungwa, alishinda nyumbani akiigonga saa ya ukutani mpaka nikataka kuivunja.

Nikamwambia kazi haitafutwi kwa kulala chali. Nilimpa masharti, naye aliyafuata, sifa hiyo simnyimi. Kila asubuhi aoge, apige viatu rangi, atoke saa ileile aliyokuwa akitoka zamani. Asimfiche mtu kwamba hana kazi. Aibu tungeila na nini? Asiseme "nafanya kazi yoyote", maana anayesema hivyo hakumbukwi na mtu. Aseme boila. Na akifika mahali asianzie ofisini, aanzie kwa mlinzi, kwa kuwa mlinzi ndiye anayejua nani katoka.

Ndivyo alivyoipata kazi ya kiwanda cha sabuni. Mlinzi alimwambia, "Mtu wa boila amepumzika. Wahi."

Geji akaelewa kwamba mtu kastaafu. Nani asingeelewa hivyo? Msimamizi hakutaka cheti wala kujua alikotoka. Aliuliza tu, "Unaweza kuanza leo?" Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani.

Jioni alirudi na ovaroli ya kampuni, nikailoweka. Mkono wa kulia ulikuwa wa kitambaa kingine, kipya, umeungwa begani kwa uzi mwekundu. Nilipoisugua kola, maji yalitoa harufu ya kuungua.

"Baba Watoto, huyu mwenzako alipumzika vipi?"

"Uzee tu," akasema, bila kuniangalia.

Siku zikaenda, na nikagundua kwamba haigongi tena saa. Hilo lilinitisha kuliko ile ovaroli. Nikambana mpaka akasema.

"Mshale wa kule haushuki. Tunazima moto, wenyewe uko palepale. Nawaambia wabadilishe, wananiambia kesho."

"Na yule wa kwanza?"

"Walimzika, mke wangu."

"Basi acha kazi!"

"Niache, nirudi kuigonga saa yako?"

Asubuhi alipotoka sikutulia. Nilifua nguo zilizokuwa safi, nikaunguza chakula, mwisho nikajifunga kanga nikaenda kiwandani.

"Namtafuta Geji, wa boila," nikamwambia mlinzi.

Alikuwa anachokonoa meno. "Huyo amepumzika."

Nilishika chuma cha geti nikapiga ukelele uliowatoa watu ofisini.

"Mama, taratibu!" mlinzi akasema. "Si yule pale?"

Geji alikuwa amekaa juu ya tofali nyuma ya kibanda cha mlinzi, na fulana tu, ovaroli ameikunja magotini. "Leo boila imenguruma," akasema. "Nimezima moto, nikatoka. Nimewaambia sirudi." Nikamkumbatia mbele za watu, mimi ambaye mambo hayo nayaonea haya, nikalia kwa furaha. Kazi tungetafuta nyingine, hata kama ni kuanza upya na viatu.

Tulikuwa tunainuka alipofika getini mwanamume wa makamo. Alikuwa ameoga vizuri, viatu vinang'aa. Hakuelekea ofisini. Alimsalimia mlinzi kwanza, kwa heshima zote.

"Mimi ni mtu wa boila. Labda kuna nafasi?"

"Wetu amepumzika," mlinzi akamwambia. "Wahi."

"Amekufa!" nikapiga kelele. "Wa kwanza amekufa, baba, na huyu wangu amekimbia!"

Mwanamume yule alinitazama. Kisha akaitazama ovaroli mkononi mwa Geji.

"Pole sana, mama," akasema kwa upole. "Hiyo ovaroli mnairudisha?"