Uvimbe wa Mama na Kuku wa Wageni

Kwa siku mbili, mwaka fulani wa sabini na kitu, kijiji cha Rukanga kilikula kuku na wali asubuhi, mchana na jioni. Najua kwa sababu ni mimi niliyeandika.

Nilikuwa karani wa kituo cha afya mjini Voi, nimepanga chumba mtaa wa Kaloleni, na daktari mtafiti kutoka Nairobi aliniazima nimtafsirie Kidawida. Alitaka kujua kwa nini watu wa sehemu fulani hupata uvimbe wa tumbo na ini zaidi kuliko wengine. Alishuku chakula, hasa mahindi yaliyoota kuvu. Basi tukapita nyumba kwa nyumba na fomu. Jana ulikula nini? Mahindi yako huyaweka wapi? Una uvimbe wowote mwilini?

Swali la kwanza ndilo lililotuponza. Kwetu mgeni akikuuliza umekula nini, humwambii ulikula kimanga, yaani mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, tena kiporo. Unamtajia kile ambacho ungempikia yeye. Kuvu nayo haikuwapo popote. Ilikuwa kwa jirani, na tukifika kwa jirani ilikuwa imeshahamia nyumba ya pili.

"Kijiji yote inakula kuku," daktari alisema akijifuta jasho. "Na hizo kuku ziko wapi?"

Kusema kweli tulikuwa tumemwona kuku mmoja, mwekundu, mara tatu, kwenye nyumba tatu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yangu. Alitupokea akiwa amejitanda leso mabegani, na jua la saa nane linachoma, nikajua. Krismasi nilipomkumbatia, mkono wangu uligusa kitu nyuma ya bega lake, kikubwa kama limau. Aliniambia ameumwa na mdudu, nami nikakubali kuamini. Dada yake mkubwa alikwenda hospitali na uvimbe wa titi, akarudi ndani ya jeneza, na Mama aliamini kilichomuua ni kisu.

"Jana nilikula kuku," alisema, bila kunitazama.

"Na uvimbe?" nikamuuliza.

"Sina."

Nikaandika: kuku, hana. Ningefanyaje? Nimuumbue mama yangu mbele ya mgeni, nyumbani kwake? Lakini tukirudi Voi, gari lilipokaribia Maungu, nilizitupa fomu miguuni.

"Daktari, geuza gari. Mama yangu ana uvimbe. Amekudanganya, nami nimekudanganya." Nikavuta pumzi. "Na hakuna aliyekula kuku."

"Hakuna hata mmoja?"

"Labda mwalimu mkuu. Tena Pasaka."

Aliutazama mzigo wa fomu miguuni pangu, kisha akageuza gari.

Tulimkuta Mama jikoni, ameinamia sufuria ya kimanga, anaponda kwa mwiko. Alipomwona mgeni mlangoni alishtuka, akaivua leso mabegani, akafunika sufuria. Kimanga kikastirika, bega likabaki wazi, na uvimbe wake.

"Kuku hajaiva," alisema.

Daktari hakucheka, na kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote. Aliketi kwenye kigoda, akaomba apakuliwe, akala akamaliza. Kisha akaomba kuligusa bega, na Mama hakuwa na namna ya kumkatalia mtu aliyekula kwenye sahani yake.

"Inateleza chini ya kidole, mama. Hiyo ni dalili nzuri. Lakini kidole haina macho. Lazima itolewe, ikaangaliwe na hadubini."

"Kwa kisu?"

"Kidogo tu. Na sindano ya ganzi."

Mama alinitazama mimi, si yeye. Nikamwambia nitamshika mkono.

Ulitolewa Voi wiki iliyofuata, ukatiwa kwenye chupa ya dawa, ukapanda treni. Mama hakuwa amewahi kufika Nairobi, bega lake likamtangulia. Kila Jumamosi nilipokwenda nyumbani aliniuliza kama limefika salama. Mimi nilikuwa sili. Daktari naye alirudi Rukanga bila kuaga mtu, saa za kupika, akawa hamuulizi yeyote alikula nini. Anasalimia, kisha anafunua sufuria.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Nilimsomea huku nalia. Haikuwa kansa. Yalikuwa mafuta tu, yaliyojikusanya chini ya ngozi.

Mama alijipapasa kovu begani. "Dada yangu alingoja miaka mitatu ndipo akaenda hospitali," alisema.

Kisha akanitaka nirudie lile neno. Nikarudia: mafuta. Akasimama, akajifunga leso kiunoni, akatoka hadi uani akamwita jirani kwa sauti ya kufika juu ya mlima Kasigau.

"Wamepima Nairobi, kwa mashine! Ni mafuta! Si niliwaambia mimi nakula kuku?"