Mpira Uliopigwa Juu

Leo kazini nilifungua chupa ya dawa ya kuchua ili nimpake mzee mmoja magoti, na harufu yake ikanitia hofu ile ile ya utotoni. Ndivyo alivyonukia kaka yangu siku ya mechi yake ya kwanza ya raga ya kulipwa.

Nilikuwa msichana mdogo. Mama na mimi tulitoka kwetu Doonside, kitongoji cha pembezoni mwa jiji, kwa treni kwenda kumtazama. Kazi yake uwanjani ilikuwa kubaki nyuma peke yake na kudaka mipira ambayo wapinzani waliipiga juu.

Dakika ya mwisho tukiongoza kwa pointi mbili, mpira ulipaa. Kaka aliukodolea macho angani. Hakuwaona wanaume watatu waliomjia mbio.

"Mungu wangu, mwanangu!" Mama alinifunika macho, nikachungulia kati ya vidole vyake. Kaka aliudaka, wakamwangusha, wakamlalia. Kipenga cha mwisho kililia, watu wakashangilia, naye alikuwa bado chini. Nililia hadi alipoinuka.

Nje ya uwanja, Mama hakumpongeza. Alimpapasa mbavu polepole.

"Uliona nilivyoudaka?" kaka aliniuliza.

Nilitaka kumwomba asicheze tena.

"Niliona," nikamjibu.