Gari Halina Mikono

Mwalimu Breki, kama wanafunzi wake walivyomwita, alifundisha udereva kwa mdomo. Yeye hukaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, akifoka. Ungedhani analipwa kwa makelele. Aliyefokewa kuliko wote ni mama mmoja mshonaji, mtu mzima mwenye wajukuu, kwa sababu kila akishika usukani gari lilikwenda upande.

"Mwalimu, linanivuta kushoto," alilalamika.

"Gari halina mikono, mama! Nyoosha macho!"

Wanafunzi wa kiti cha nyuma walicheka mpaka basi. Tangu siku hiyo yule mama hakuonekana tena.

Halafu ikatokea Breki akaliendesha gari mwenyewe kwenda kuliosha. Aliachia usukani kidogo apenge kamasi, gari likaelekea mtaroni lenyewe. Akakumbuka shimo alilolivamia kwa haraka zake mara ya mwisho aliposhika usukani, kabla mama yule hajaanza kujifunza.

Fundi alichungulia tu tairi la mbele: limelika upande mmoja.

"Ukipiga shimo, au likianza kuvuta, unalileta tupime alaimenti, tuone kama magurudumu yamenyooka. Siku zote hizi hukulisikia?"

Angelisikia vipi, na usukani hashiki? Alitamani ardhi ipasuke. Akadanganya kwamba ametoka safari.

Gari lilipotengenea alimpigia mshonaji simu.

"Mama, rudi tuendelee. Gari... tumelirekebisha. Kweli lilikuwa linavuta."

Upande wa pili cherehani ikanyamaza.

"Kumbe limeota mikono, mwanangu?"